Daka la madaktari: maana ya kujifunza tiba mitandaoni

Nyumba ya kale ya Lamu haikosi daka, ile sehemu ya mlangoni yenye viti vya mawe ambapo mgeni huketi, na mazungumzo ya mtaa hupita. Madaktari nao wana daka lao, ila liko ndani ya simu.

Kujifunza tiba mitandaoni si daktari kutafuta jina la ugonjwa kwenye Google huku mgonjwa akimtazama. Ni madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi kufundishana kupitia X, YouTube au kundi la WhatsApp. Mmoja huweka kisa, wengine huuliza, hubisha, husahihisha. Tawi lake maarufu huitwa FOAM, yaani elimu ya tiba ya bure, iliyo wazi kwa yeyote. Jina hilo lilibuniwa mwaka 2012 na Mike Cadogan, daktari wa dharura anayefanya kazi Australia, akiwa kwenye baa mjini Dublin. Kwa Kiingereza ni povu, na povu lenyewe lilikuwa la bia. Watu wa Lamu mtaniwia radhi; lau lingezaliwa kwetu lingeitwa kahawa tungu.

Thamani ya daka hili iko kwenye ubishi wake. Chukua kipimo cha dakika 20 cha aliyeumwa na nyoka. Unatia damu kidogo kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, unaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha unaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda. Video ya dakika mbili inatosha kukufunza hayo hata ukiwa zahanati ya kisiwani Pate, ambako kumfikisha mgonjwa hospitali ya Lamu ni safari ya boti. Lakini video ikitumia chupa ya plastiki imekupoteza, kwa sababu damu hugandishwa na mguso wa kioo. Anayeliona kosa hilo huliandika chini ya video, na hapo ndipo somo linapokamilika. Video hiyohiyo ikisambazwa peke yake kwenye WhatsApp, sahihisho linabaki nyuma.

Jambo jingine ni mahali elimu ilikotoka. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumchanja farasi sumu ya nyoka fulani, na huzuia hasa sumu ya nyoka hao na jamaa zao wa karibu. Daktari wa India akieleza dozi ya dawa ya kwao, huenda kwao amesema kweli tupu, lakini dawa hiyo haimfai aliyegongwa na kifutu wa Mpeketoni. Bahari ni moja, nyoka si mmoja. Kabla ya kumfuata mtu wa Mumbai, waulize kituo cha nyoka cha Bio-Ken hapo Watamu, ambao hufundisha matabibu kuhusu nyoka wa huku.

Pointi za masomo endelevu, zile za kuhuisha leseni, hazipatikani kwa kusoma jumbe usiku wa zamu. Hutolewa kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Picha za eksirei nazo zitumwe kama faili, kwani WhatsApp huzibana na ufa mwembamba wa mfupa hupotea.

Lililo gumu zaidi kwa mji mdogo ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na wengi hudhani kuziba macho kwenye picha kunatosha. Nairobi labda. Lamu, ukiandika "mzee aliyeumwa bega na punda jana jioni", hata usipoweka picha, mtaa mzima wa Langoni unajua ni nani na punda ni wa nani. Anayejali huomba ruhusa ya mgonjwa kwanza, kwa lugha anayoielewa, huku akimweleza kwamba picha ikishatoka hairudi. Kisha husubiri miezi, habari zipoe, na hutaja tu yanayohitajika kwa somo: bega, jeraha, dawa. Punda humwacha nje.