Milima ya Masasi si volkano zilizozimika

Kila ninapowapeleka wanafunzi Masasi, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, huulizwa kama ile milima ya mawe iliyochomoza ghafla kwenye tambarare ni volkano zilizozimika. Sizo, na jiwe lenyewe linatosha kuthibitisha. Lava ya basalti, lile jiwe jeusi la volkano, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1100 hivi za Selsiasi, kisha hupoa upesi mno kiasi kwamba chembe zake hazipati muda wa kukua. Graniti, jiwe jingine litokanalo na urojo wa moto, hupoa taratibu chini ya ardhi, kwa hiyo chembe zake huonekana kwa macho, zikiwa zimechanganyika bila mpangilio. Jiwe la Masasi nalo lina chembe kubwa, ila mistari myeupe ya madini ya kwazi na feldispa hupishana na mistari myeusi yenye ulanga (maika), madini ya vipande vyembamba kama karatasi. Hiyo ni naisi, aina ya mwamba geu, yaani mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo.

Wengi hudhani kugeuka ni kuyeyuka. Mwamba geu hugeuka ukiwa bado mgumu: joto na mgandamizo huzihamisha atomi, madini ya zamani yakavunjika na mapya yakaota humo humo, na kwa kuwa mgandamizo hauwi sawa pande zote, ulanga hulala upande mmoja kama majani ya mkeka. Joto likifika nyuzi 650 au 700, naisi yenye maji huanza kuyeyuka sehemu sehemu, na ule urojo ukiganda huwa mwamba wa moto.

Ushahidi wa mgeuko huo ninaoupenda zaidi uko Ruangwa, mkoani Lindi. Kinywe (grafiti) cha huko ni kaboni iliyotokana na mabaki ya viumbe yaliyozama katika tope la bahari ya kale. Tope hilo lilizikwa, na vipande vya mabara vilivyounda Gondwana, bara kubwa la kale, vilipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, kaboni ikapangika tabaka kwa tabaka hadi ikawa magamba yanayong'aa. Mwamba unapopanda na kupoa, madini mengine ya mwamba geu kama ganeti huweza kuliwa na maji yakageuka kloraiti, madini ya kijani, lakini kinywe hakirudi nyuma, hivyo hututunzia kumbukumbu ya joto la juu kabisa ambalo mwamba uliwahi kupitia. (Wanunuzi hawajali historia hiyo, wanachotaka ni magamba makubwa, ambayo bei yake ni nzuri zaidi.)

Mtwara mjini huwezi kuokota naisi, kwa sababu kuanzia Ndanda kuelekea pwani miamba hiyo imefukiwa na mchanga na udongo wa enzi za karibuni zaidi, na ufukweni kabisa tunakanyaga matumbawe.