Sufuria Moja, Watu Wanne: Maisha Endelevu kwa Mwanafunzi wa Chuo Tanga

Kila muhula mpya unapoanza huwa napita kwenye nyumba walizopanga wanafunzi wetu, kuanzia Chumbageni mpaka Mabanda ya Papa. Safari iliyopita niliingia ua mmoja saa kumi na mbili jioni. Vyumba sita, na kibarazani majiko sita yamepangana, matano ya mkaa na moja la gesi. Nilifunua sufuria moja baada ya nyingine kwa ruhusa ya wenyewe. Zote zilikuwa na maharage. Wale watano wa mkaa kila mmoja anapepea jiko lake, kila mmoja amenunua kisado chake cha mkaa, na karibu wote waliniambia kwamba hela ya matumizi haifiki mwisho wa mwezi.

Kazi yangu ni mazingira, lakini jioni ile nilianza na hesabu, kwa sababu kwa mwanafunzi mambo haya mawili hayaachani. Sufuria ya watu wanne haili moto mara nne ya sufuria ya mtu mmoja. Moto mwingi hauishii kwenye chakula, unapasha jiko, unapasha sufuria, uliobaki unachukuliwa na upepo wa uani. Mkipika kwenye majiko sita, hasara hiyo mnailipa mara sita.

Chukua umeme, maana huo unahesabika. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa moja linakula uniti 1 ya luku. Uniti hiyohiyo inawasha balbu ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100, yaani kama wiki tatu za kujisomea saa tano kila usiku. Sasa maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili. Yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya na ufunike, muda unapungua sana. Mkichanga watu wanne mkanunua jiko la presha la umeme, maharage ya wote yanaiva kwa chini ya uniti 1. Na ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, kupasha lita 20 za maji ya kuoga inakula karibu nusu uniti. Kwa joto la Tanga, labda asubuhi za kusi peke yake ndizo zinazoweza kuitetea.

Mkaa unaonekana rahisi kwa sababu unauzwa kidogo kidogo, na msitu hauonekani ukiwa kwenye kisado. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kuni za kilo 10 hutoa mkaa wa kilo 1 mpaka 2 tu. Kingine chote kimeishia kwenye moshi kabla gunia halijafika mjini. Ndiyo maana mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wanafunzi wa vyuo mko katikati ya lengo hilo, kwa sababu mazoea ya jikoni ya geto ndiyo mtakayohamia nayo kwenye nyumba zenu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama mvua inanyesha na kibaraza kimeloa, hata kama mkaa umeshakolea na hautoi moshi. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika kwenye damu mahali pa oksijeni na kuing'ang'ania. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mwanafunzi aliyeshinda darasani atadhani ni usingizi tu, ajilaze. Wengi hawaamki. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje penye hewa, mkimbize hospitali.

Gesi ya mtungi nayo ina adabu zake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Yakitoa mapovu, kuna uvujaji. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, usiguse kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toka.

Maji yanastahili maneno yake pia. Maji ya bombani Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, nalo linajazwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Miti ikikatwa kule juu, udongo unateremka na mvua, bwawa linajaa tope, na kuyasafisha maji kunakuwa ghali zaidi. Kwa hiyo kisado cha mkaa na ndoo ya maji ni habari moja. Mamlaka ya maji ya Tanga ilifikia hatua ya kuuza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua miundombinu ya maji. Fedha nzito namna hiyo inatafutwa, halafu koki ya bafuni inadondosha usiku kucha na wapangaji sita wanaisikia. Tega ndoo chini yake ukilala. Tone moja kila sekunde, kwa siku nzima, ni kama lita 17. Mara nyingi kilichoharibika ni kipira kidogo ndani ya koki, kinachobadilishwa kwa dakika chache. Mwambieni mwenye nyumba mapema, msisubiri bili.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nenda Mgandini na kikapu chako. Baiskeli sihitaji kuisifia sana kwa watu wa Tanga: mji ni tambarare, na ya mtumba iliyo imara itakupeleka chuoni miaka yote ya masomo.

Najua kwa nini vikundi vya kupika vinavunjika. Havivunjwi na chakula, vinavunjwa na vyombo vichafu na anayekula bila kuchanga. Wiki tatu baadaye nilirudi kwenye ua ule. Mabinti wanne walikuwa wameungana kwenye jiko la gesi, na daftari la kurasa 40 lilikuwa linaning'inia msumarini kando ya mlango. Ukurasa wa kushoto michango, wa kulia zamu: anayepika haoshi, anayechelewa anatoa taarifa kabla ya saa kumi ili apakuliwe chake. Mmoja hapendi nazi, naye walimwandikia siku zake. Kwenye sufuria yalikuwamo maharage yaleyale, yamelowekwa tangu jana, na wale wawili waliobaki na mkaa walikuwa wameshauliza kama nafasi ipo.