Just Fontaine: mabao 13, njumu za kuazima, na yanayosemwa ovyo

"Fontaine alibeba Kiatu cha Dhahabu mwaka 1958." Kiatu kipi? Tuzo hiyo ya mfungaji bora ilikuwa haijaanzishwa. Baada ya mshambuliaji huyo wa Ufaransa kufunga mabao 13 katika mechi 6 za Kombe la Dunia kule Sweden, gazeti moja la huko lilimpa zawadi ya bunduki. Tukishika habari ya viatu, hata njumu alizofungia hazikuwa zake. Zake zilichanika mazoezini, na enzi hizo hakukuwa na kampuni ya kukimbilia kukuletea jozi nyingine. Akaazima za Stéphane Bruey, mwenzake wa akiba, kwa kuwa miguu yao ililingana.

Wapo wanaosema aliwaonea vibonde. Paraguay aliifunga 3, sawa. Lakini Brazil ilifika nusu fainali bila kuruhusu hata bao moja, na aliyekuwa wa kwanza kuutikisa wavu wao ni yeye. Ufaransa ikalala 5-2. Kwenye mechi ya kusaka nafasi ya tatu akawapiga Ujerumani Magharibi, waliokuwa mabingwa watetezi, mabao 4, na penalti ya siku hiyo akamwachia mwenzake Raymond Kopa.

Kuhusu kwamba ndiye mfungaji bora wa Kombe la Dunia wa nyakati zote, hapo watu huchanganya. Mjerumani Miroslav Klose ana 16, ila aliyakusanya katika fainali 4. Ya Fontaine ni ya kiangazi kimoja.

Wala hakustaafu kwa kushiba sifa. Mguu ulivunjika 1960, ukavunjika tena mwaka uliofuata, na 1962 akatundika njumu akiwa na miaka 28. Kwa timu ya taifa aliacha mabao 30 katika mechi 21.

Ninayoikataa zaidi ni ile ya "ukocha ulimshinda". Wanaitazama 1967 tu, alipokabidhiwa Ufaransa, akapoteza mechi 2 za kirafiki dhidi ya Romania na Umoja wa Kisovyeti, kisha akaondolewa. Mechi 2! Hawaitaji Paris Saint-Germain, aliyoipandisha ligi kuu 1974. Wala hawaitaji Morocco, nchi aliyozaliwa, mjini Marrakech, mwaka 1933. Aliipeleka kwenye Kombe la Afrika la 1980 nchini Nigeria, fainali zilezile ambazo Taifa Stars ilishiriki kwa mara ya kwanza, akaifunga Misri 2-0 na kurudi na nafasi ya tatu.