Ukisema "poka", sema unacheza na nani

Malalamiko kuhusu poka yamezidi kwenye dawati letu la malalamiko ya wachezaji, na mengi chanzo chake ni kitu ambacho mlalamikaji alikisoma mtandaoni. Kwa hiyo leo nazungumza na wachezaji na pia wanaowaandikia.

Poka haina turufu. Shupaza haiizidi kopa; hayo ni mazoea ya karata za barazani. Seti hupangwa kwa uhaba wake. Karata 52 hutoa seti 2,598,960 za karata tano. Tano zinazofuatana ziko 10,200, na tano za aina moja, tuseme zote kopa, ziko 5,108 tu, ndiyo maana zinashinda. (Zinazofuatana na papo hapo ni za aina moja sijazihesabu. Hizo zina daraja lake, juu zaidi.)

Linalotuchosha ni hili: watu wanachanganya aina mbili za poka. Katika Texas Hold'em wachezaji wanapambana wao kwa wao, kasino inakata sehemu yake kwenye dau lililokusanyika. Hapo unaweza kuzuga, mwenzako akatupa karata, ukaondoka na dau ukiwa na takataka mkononi. Katika Caribbean Stud unapambana na nyumba, yaani kasino yenyewe, na mgawaji wake hatishiki na uso wako. Tena asipofikisha angalau ree na mfalme, unalipwa dau la mwanzo peke yake. Dau la pili, lile unaloongeza baada ya kuona karata zako, unarudishiwa lilivyo, hata kama umeshika karata nne za namba moja. Huo si wizi, ni kanuni ya mchezo. Mwandishi anayeyachanganya haya mawili anamtuma msomaji wake kwetu na hasira.

Kuhusu sheria nitakuwa makini. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, Sura ya 41, inataka mwendeshaji awe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kuchezesha bila leseni ni kosa la jinai, hata kama ni chumba cha nyuma ya baa na "tunafahamiana wote". Kabla ya kuweka kiungo cha kampuni kwenye makala yako, hakikisha leseni yake.

Ukiwa na lalamiko, mwite meneja wa zamu kabla karata hazijakusanywa. Andika tarehe, saa, namba ya meza na kiasi cha dau. Omba lalamiko lirekodiwe, chukua nakala, kisha ndipo uje kwetu. Picha ya skrini ya makala uliyosoma si kielelezo.