Bunduki ya kuwindia bata: tazama kutu kabla ya kutazama rangi

Bata anawindwa kwenye maji, matope na baridi, na hayo matatu huimaliza bunduki mapema kuliko wingi wa katriji zinazopigwa. Hata hivyo, mnunuzi mpya akiingia dukani huanza na rangi: nyeusi au ya mabakamabaka? Ya mabakamabaka ya nyasi au ya magome ya miti? Tunashauri ageuze mpangilio. Ajue kwanza atawinda wapi, kisha achague mtambo, geji (kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana zaidi) na kitako kinachomkaa begani. Mipako ya nje ije mwisho, na iangaliwe kwanza kama kinga ya kutu. Kujificha ni faida ya ziada.

Makala haya yanahusu Marekani, ambako uwindaji wa bata unaruhusiwa kwa msimu na ambako Waswahili wengi waliohamia wanaalikwa na majirani kwenda kuwinda. Mazingira yenyewe hayafanani. Karibu na Stuttgart, Arkansas, watu husimama kwenye misitu iliyofurika maji baridi yasiyo na chumvi. Pwani ya Louisiana na kwenye Ghuba ya Chesapeake maji yana chumvi. Dakota Kaskazini maji ni ya mabwawa ya mashambani, lakini mwisho wa msimu barafu huanza kushika kwenye chuma. Bunduki iliyodumu miaka ishirini Arkansas inaweza kuota kutu kwa usiku mmoja Louisiana.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Unahitaji leseni ya uwindaji ya jimbo, usajili wa wawindaji wa ndege wahamao unaoitwa HIP, na kwa aliyefikisha miaka 16, stempu ya bata ya serikali kuu. Bunduki isizidi geji 10, na isibebe zaidi ya katriji tatu kwa jumla: mbili kwenye bohari (mrija wa kuwekea katriji za akiba) na moja kwenye chemba (nafasi nyuma ya mtutu ambamo katriji hulipuka). Bunduki nyingi huuzwa zikiwa na kijiti cha kuziba bohari. Kijiti hicho kiwe kipande kimoja, na kisiweze kutolewa bila kufungua bunduki. Kabla ya msimu jaribu kwa katriji bandia, kwa sababu askari wa wanyamapori atafanya jaribio hilohilo akikukuta ziwani: katriji ya tatu ikiingia kwenye bohari, umevunja sheria. Tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kuwinda ndege wa majini kwa marisau (vidonge vidogo vinavyojaa kwenye katriji) ya madini ya risasi, kwa kuwa bata huyameza pamoja na kokoto na kufa kwa sumu, na tai wanaokula bata hao hufa vilevile. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, asishike bunduki kabla ya kuhakikisha kwamba anaingia kwenye msamaha wa sheria ya serikali kuu. Mlango unaotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Jambo hili ni zito. Kosa moja linaweza kukugharimu makazi yako.

Mitambo miwili

Bunduki za nusu otomatiki, yaani zinazojikoki zenyewe kila unapopiga, zinazouzwa leo kwa uwindaji wa bata ziko za aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya gesi. Matundu madogo chini ya mtutu huchota sehemu ya gesi ya baruti, gesi inasukuma pistoni, pistoni inarudisha nyuma bolti (kipande kinachofunga chemba), ganda linatupwa nje na katriji mpya inapanda. Ndivyo zinavyofanya kazi Beretta A300 Ultima na A400 Xtreme Plus, Browning Maxus II na Winchester SX4. Teke lake begani ni laini, na kwa mtu mwepesi au anayejifunza hiyo ni sababu tosha ya kuichagua, maana anayeogopa teke hufumba macho na kukosa. Udhaifu wake ni masizi. Gesi huacha kaboni kwenye pistoni, na kaboni ikichanganyika na mafuta mengi na baridi hugeuka utomvu. Bunduki inaanza kuvuta ganda nusu njia na kukwama. Katika Remington 1100, iliyotoka 1963 na ambayo bado iko mikononi mwa watu wengi, kuna pete ya mpira inayozuia gesi isivuje. Pete ikipasuka, bunduki inapiga mara moja tu, haijikoki tena. Anayenunua 1100 iliyotumika aitazame pete hiyo kabla ya kitu kingine, na aweke ya akiba mfukoni.

Ya pili hutumia inesha, yaani tabia ya kitu kizito kuchelewa kusogea, na jina linalojulikana zaidi ni Benelli. Franchi Affinity na Stoeger M3500 ziko kundi hilo. Ndani ya bolti kuna springi fupi ngumu. Bunduki nzima inaporudi nyuma, bolti huchelewa kwa sababu ya uzito wake, springi inabanwa, kisha inafyatuka na kuirusha bolti nyuma. Gesi yote inatoka mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo ndani hubaki safi, na visehemu vya kusafisha ni vichache. Bunduki pia huwa nyepesi, kama kilo 3.2, wakati ya gesi inaweza kufika kilo 3.5. Gharama yake ni teke kali zaidi. Tena mtambo huu hautaki bunduki izuiwe: ukiegemeza kitako kwenye nguzo au ukingo wa mtumbwi, au ukipiga katriji nyepesi sana za mazoezi, huenda isijikoki.

Kuna hitilafu moja ya mtambo huu ambayo wengi huidhania ni katriji mbovu. Alfajiri mwindaji anafunga bolti polepole kwa mkono ili asipige kelele, au anaigonga bunduki kidogo akiiweka chini. Kichwa cha bolti, ambacho hufunga kwa kuzunguka, kinabaki hakijamaliza mzunguko. Kwa macho bolti inaonekana imefungwa, pengo lake ni jembamba kuliko ukucha. Bata wanashuka, triga inavutwa, inasikika "tik" peke yake. Dawa ni kuiachia bolti ijifunge kwa nguvu ya springi yake, na kila unapoinua tena bunduki kusukuma mkono wa bolti mbele kwa kidole. Matoleo mapya, kama Super Black Eagle 3 ya Benelli, yana kifaa cha kuisaidia bolti kufunga hadi mwisho. Na ikisikika "tik", mtutu ubaki umeelekezwa kusiko na mtu kwa sekunde 30 kabla hujafungua, kwani katriji inaweza kuchelewa kulipuka.

Ushauri wetu: kwa maji ya chumvi, matope na safari za siku nyingi bila nafasi ya kusafisha, chukua ya inesha. Kwa bega jepesi, na kwa bunduki moja itakayotumika pia kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa uwanjani, chukua ya gesi.

Geji, chemba na choki

Geji 12 yenye chemba ya inchi 3 inamtosha karibu kila mwindaji wa bata. Chemba ya inchi 3½ inaongeza bei na teke, na faida yake huonekana zaidi kwa bata bukini wakubwa. Geji 20 ni nyepesi na inafaa kwa bata wanaoshuka karibu, ndani ya yadi 30. Lakini usiweke geji zote mbili kwenye mfuko mmoja, kamwe. Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza kupita chemba na kukwama mtutuni. Ukitazama unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano.

Marisau ya chuma ni mepesi kuliko ya madini ya risasi, kwa hiyo huchukuliwa makubwa kwa namba mbili hivi (namba ikipungua, marisau ni makubwa). Kwa bata wakubwa kama mallard, namba 2 au 3 ndiyo kawaida. Kwa wadogo, namba 4. Chuma hakibonyei, kwa hiyo kinapita kwenye choki (mbano wa mdomo wa mtutu unaokusanya marisau) kikiwa kimekusanyika. Choki ya kati, iliyoandikwa "Modified", inatoa mkusanyiko unaokaribia ule wa choki ya kubana kabisa kwa madini ya risasi, na choki ya kubana kabisa isitumike kwa marisau makubwa ya chuma, inaweza kuvimbisha mtutu. Hakikisha kwa karatasi: bandika karatasi kubwa yadi 40, piga, chora duara la inchi 30 penye matundu mengi, hesabu. Katriji ya gramu 35 ya namba 2 ina marisau kama 156. Yakiingia 94, ni asilimia 60. Rudia angalau mara tatu. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupendelea katriji tofauti.

Kitako nacho kijaribiwe ukiwa umevaa koti la baridi. Kitako kinachokaa vizuri dukani ukiwa na shati hunasa kwapani Desemba. Bunduki nyingi mpya huja na vipande vya kubadilisha urefu na mwinamo wake. Vitumie, visilale kwenye boksi.

Mipako

Chuma cha rangi ya buluu-nyeusi kinachong'aa ndicho cha zamani na kizuri kwa macho. Ile ni tabaka jembamba sana la oksidi ya chuma, na kinga yake halisi ni mafuta unayopaka juu. Jasho la kiganja linatosha kuiacha na alama za vidole zenye kutu. Pamoja na kitako cha mbao ya mwalnati, ambayo hunywa maji na kuvimba, bunduki ya namna hii inafaa mashamba makavu. Tena inamulika juani, na bata hushtushwa na mmuliko na mwendo kuliko na rangi.

Mabakamabaka, kama Realtree Max-7 ya matete au Mossy Oak Bottomland ya magome, huwekwa kwa filamu nyembamba inayoelea juu ya maji: filamu inalainishwa kwa dawa, kipande kinazamishwa, picha inajifunga juu yake, kisha kinapuliziwa tabaka la kukinga lisilo na rangi. Humulika kidogo na hukinga vya kutosha ikiwa nzima. Huchubuka kwenye kona, chini ya mkanda, na pale inaposuguana na mtumbwi. Hapo maji huingia chini ya filamu, kutu hutembea mahali usipoiona, na siku moja filamu inabanduka kipande kizima.

Cerakote ni rangi ya kauri na polima. Chuma hupigwa mchanga kwanza ili rangi ishike, hupuliziwa tabaka la takriban milimita 0.025, kisha huokwa, mara nyingi kwenye nyuzi 121 za Selsiasi kwa saa mbili. Kwa maji ya chumvi hii ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa bei yake, na watengenezaji wengi sasa huiweka kwenye mtutu na mwili huku kitako cha plastiki kikibaki cha mabaka. Huo ni mchanganyiko mzuri: rangi ya kauri kwenye chuma, picha kwenye plastiki isiyoota kutu. Benelli ina mpako wake mgumu zaidi, BE.S.T., kwa baadhi ya matoleo ya bei ya juu.

Kosa linalorudiwa ni kudhani mpako umeifunika bunduki nzima. Umefunika nje. Uliza dukani kama ndani ya mtutu na chemba kuna kromi. Kisha geukia visivyopakwa: pini za triga, springi ya bohari, nyuzi za choki, chuma kilichofunikwa na kishikio cha mbele, na mrija wa springi ya kurudisha bolti, ambao katika bunduki nyingi umejificha ndani ya kitako. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Springi ikiota kutu, bolti inarudi kwa uvivu, na mwenye bunduki anahangaika kusafisha pistoni isiyo na kosa.

Ukirudi kutoka maji ya chumvi, ondoa katriji zote, vunja bunduki, suuza chuma kwa maji baridi yasiyo na chumvi bila presha, kausha, pulizia mafuta ya kufukuza maji, futa, kisha paka mafuta mepesi kidogo tu. Paka grisi nyuzi za choki, la sivyo choki itaganda na kutaka fundi. Usiirudishe kwenye mfuko wenye sponji iliyolowa; usiku mmoja humo unashinda mpako wa aina yoyote. Bunduki ikiangukia majini au mdomo wake ukigusa matope, usipige kabla ya kuondoa katriji na kuchungulia mtutu kutoka upande wa chemba, kwani kipande cha tope kinatosha kuupasua. Msimu ukiisha, toa kitako, au mpe fundi atoe, springi na mrija wake vikaushwe na kupakwa mafuta.