Sanaa si picha za ukutani peke yake

Mwezi uliopita nilimpeleka shemeji yangu, aliyekuja kututembelea, kwenye makumbusho makubwa ya sanaa ya Chicago, yale ya Michigan Avenue yenye simba wawili wa shaba mlangoni. Mbele ya picha ya Georges Seurat, ile ya watu waliopumzika kando ya mto Seine, alisimama muda mrefu, akisogea na kurudi nyuma kuona vile vidoa vya rangi vinavyoungana kuwa miti na miavuli. Tulipofika kwenye deraya na panga za kale, akanigeukia: "Shemeji, hapa tumeshatoka kwenye sanaa. Hizi ni zana."

Si yeye wa kwanza. Kauli hiyo nimeisikia kwa wageni wengi niliowatembeza pale, watu waliosoma, na kila mara inaniuma kidogo, kwa sababu lugha yetu wenyewe inaikataa.

Sanaa ni ufundi wa kulipa wazo umbo, likaonekana, likasikika au likashikika. Hapo sidhani kama tunagombana. Tatizo linaanza pale neno linapobanwa mpaka likamaanisha mchoro uliotiwa fremu.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kutengeneza, kuunda kitu kwa ujuzi. Kwenye mzizi huohuo Waarabu wana neno lao la fundi na, sikiliza hili, neno lao la kiwanda, masna. Sanaa na kiwanda ni ndugu wa tumbo moja. Leo Mwarabu akitaka kutaja uchoraji au muziki kama sanaa, hutumia neno jingine, fann. Hilo nalo tulilichukua, likawa fani, tukalipa kazi tofauti: fani ya udaktari, fani na maudhui ya shairi. Maneno yote mawili yaliingia kwetu, na lililokabidhiwa uchoraji, uchongaji na ngoma ni lile lenye vumbi la karakana. (Wapo wanaodhani sanamu limezaliwa na sanaa. Hapana. Sanamu linatoka kwenye neno la umbo linaloabudiwa, mzizi mwingine kabisa.)

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyohivyo zamani. Kilatini ars ni ujuzi. Kule Florence, arte lilikuwa pia jina la chama cha mafundi, na wachoraji walikuwa kwenye chama kimoja na matabibu na wauza dawa, kwa kuwa rangi ziliuzwa kwenye maduka ya dawa. Mchoraji hakuona aibu kuitwa fundi. Utengano ulikuja kukomaa karne ya 18. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux aliziweka uchoraji, uchongaji, muziki, ushairi na dansi kwenye kundi moja la "sanaa nzuri", zile za kuburudisha nafsi, na mwenye kutengeneza kiti au chungu akabaki nje ya ua. Ua huo tumeurithi sisi, tukauzungushia neno ambalo tangu asili halikuwa na ua.

Makumbusho ya Chicago yalianzishwa mwaka 1879 yakiitwa chuo cha sanaa nzuri. Mwaka 1882 jina likabadilishwa, na neno "nzuri" halimo tena. Ukitembea ndani unakuta picha za chapa za Japani, vitambaa, vioo vya buluu vya Marc Chagall, na vyumba 68 vya Narcissa Thorne, vidogo kiasi cha kutosha kabatini, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha inchi moja kwa futi moja.

Ninapopapenda zaidi ni ukumbi wa soko la hisa. Jengo lake, kazi ya Dankmar Adler na Louis Sullivan, lilikamilika mwaka 1894 na likabomolewa mwaka 1972. Mpiga picha Richard Nickel aliingia mara kwa mara kwenye magofu yake kuokoa mapambo, na mwaka huohuo sehemu ya jengo ikamwangukia, akafa. Ukumbi ukaja kujengwa upya ndani ya makumbusho, ukafunguliwa mwaka 1977. Humo hakuna mchoro hata mmoja wa kutundika. Kuna kuta na dari zilizopakwa ruwaza juu ya ruwaza, rangi juu ya rangi, mahali ambapo watu walikuja kununua na kuuza hisa. Siwezi kusimama pale nikakubali kwamba Nickel alikufa kwa ajili ya kitu kisicho sanaa.

Shemeji nilimwonyesha bamba moja la kifua, chuma kilichochorwa majani madogomadogo mpaka pembeni, mahali ambapo upanga ungepita bila kuyajali. Akaliinamia muda mrefu kama alivyosimama kwa Seurat. Basi sikutaka kubishana naye. Nilimwomba tu, siku akiwasimulia nyumbani, asiseme tulitoka kwenye sanaa. Aseme tulitoka kwenye uchoraji, tukaingia kwenye uhunzi.