Msanii Alipwe Pesa, Si Chupa

Tangu serikali izindue sera mpya ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya mwezi wa Julai 2025, ofisi yetu imepokea maswali mengi kutoka kwa wanamuziki wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru. Wengi wanauliza jambo moja: je, msanii akionekana na chupa ya bia kwenye video yake atashtakiwa? Sera si sheria. Inapendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na watu mashuhuri wasitumiwe kutangaza vileo. Pendekezo halimfungi mtu mpaka Bunge libadilishe sheria. Tumelieleza hili redioni na katika baraza za machifu, na bado linarudi vile vile. Ningewaomba wanaolisambaza kwenye makundi ya WhatsApp wasome kwanza.

Kinachonisikitisha ni kwamba mjadala huo wa matangazo umefunika suala lililo kubwa zaidi kwa msanii wa kawaida, ambaye hakuna kampuni iliyowahi kumwita atangaze chochote. Kwa nini kazi yake inalipwa kwa pombe?

Anayepiga kinanda katika baa ya Kondele, mtaa wa Kisumu, huingia kazini saa ambayo wenzake wanatoka, na mahali pake pa kazi ndipo kreti zinapopangwa. Kwenye ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, wakati wa pakruok, yaani majigambo, mteja husimamisha muziki ajisifu na awasifu marafiki zake, kisha humtunza mwimbaji kwa noti, na mara nyingi kwa chupa. Mwimbaji akiikataa huambiwa anaringa. Hesabu zikifanywa usiku, mwenye baa hukata kwenye malipo ya bendi vinywaji "vilivyochukuliwa na vijana", na wapiga ngoma hurudi nyumbani na nauli tu. Upande wa Kakamega na Vihiga mambo ni hayo hayo kwenye matanga: kikundi cha ngoma ya isukuti hukaribishwa kwa busaa, pombe ya nafaka, kabla ya chakula, na mkesha ukipamba moto huletwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Isukuti ni ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wanaoijua barabara wanazidi kupungua. Tunawazika kwa ugonjwa wa ini kabla hawajamaliza kuwafunza vijana.

Nasikia mara kwa mara kwamba wasanii ni walevi kwa tabia. Siafiki hata kidogo. Mpe karani wa benki meza kwenye kaunta ya baa, umlipe nusu ya mshahara kwa bia, kisha umtembelee baada ya miaka mitano. Tena eneo lenyewe ni gumu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba asilimia 23.8 ya wakazi wa Magharibi wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wanatumia pombe, kiwango cha juu kuliko eneo jingine lolote nchini. Kitaifa, mtu 1 kati ya 20 alikuwa na tatizo la uraibu wa pombe.

Kwa hiyo kiongozi wa bendi aandike mapatano kabla ya shoo: kiasi cha pesa, saa ya kuanza na ya kumaliza, na sentensi moja inayosema vinywaji havihesabiwi kama malipo. Pesa zitumwe kwa M-Pesa kwa kila mwanabendi. Karatasi moja inatosha. Nimeona bendi zikifanya hivi na wenye baa wakakubali, maana nao wanahitaji mpiga gitaa atakayerudi Ijumaa ijayo.

Sasa mwili. Bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia nne ni gramu 80. Aliyeanza kunywa saa 4 usiku, akazimaliza hizo nne, kisha akashika usukani saa 10 alfajiri, bado ana pombe mwilini, hata kama ameoga, amekunywa supu na kumalizia na kahawa. Kahawa humfumbua macho tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vikichanganywa na vodka ni hatari zaidi, kwani mnywaji hajioni amelewa na huendelea kuongeza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinatoza faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, kwa anayeendesha gari akiwa amelewa. Gari la bendi linalotoka Nakuru kwenda Eldoret usiku hupita Salgaa na Sachangwan, sehemu zinazojulikana kwa ajali, na dereva wake asiwe mtu aliyekuwa jukwaani akitunzwa chupa.

Mwimbaji ana hasara yake ya ziada. Pombe hupunguza hisia kooni, akalazimisha sauti bila kusikia maumivu, na usiku akilala asidi hupanda kutoka tumboni ikaunguza koo. Asubuhi sauti inakwaruza, mikono inatetemeka, naye anatafuta glasi ya "kutoa loki", yaani pombe ya asubuhi ya kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Anayehitaji kutoa loki kila asubuhi ameshavuka mpaka, na wenzake katika bendi ndio wa kwanza kulijua.

Bangi nayo ina watetezi wengi studioni. Wananiambia inaleta mistari. Bangi hudhoofisha umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, na hubadilisha jinsi mtu anavyohisi kupita kwa muda, ambalo ni jambo zito kwa mtu anayetakiwa kushika mdundo. Iliyo kwenye biskuti au keki huchelewa kupanda, pengine nusu saa hadi saa moja na nusu, na anayedhani haijafanya kazi huongeza ya pili.

Hapa sheria ieleweke vizuri, maana ndipo wengi wanapoingia shida bila kutarajia. Chini ya Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994, kama ilivyorekebishwa 2022, anayepatikana na bangi na akaithibitishia mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe tu, anaweza kufungwa miaka isiyozidi 5 au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Zingatieni kwamba uthibitisho huo unamwangukia mshtakiwa. Asipoweza kuuthibitisha, adhabu ni nzito kuliko hiyo. Kisha kuna kifungu cha 5, ambacho wenye studio hawakijui au hawataki kukijua: mwenye nyumba, mpangaji au msimamizi anayeruhusu mahali pake patumiwe kuvutia bangi ana kosa hata kama yeye havuti, na anayepatikana humo bila sababu ya maana ana kosa pia. Adhabu ni faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Prodyusa wa mtaa wa Manyatta kule Kisumu au Free Area kule Nakuru anayesema "mimi sivuti, ni wateja" anajitetea kwa jambo ambalo sheria haikumuuliza.

Kuhusu pombe, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 huiruhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Leseni ya klabu ya usiku ni nyingine, na saa zake ni nyingine. Bendi iulize leseni ni ya aina gani kabla ya kukubali kupiga hadi alfajiri, kwa sababu msako ukija vyombo vya muziki navyo vinaweza kuchukuliwa kama ushahidi. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Wachezaji na wapiga ngoma wa shule ya sekondari wamo humo. Kwamba mtoto ana kipaji, au kwamba mjomba wake ndiye kiongozi wa kikundi, hakubadilishi kitu. Anayempa mtoto pombe anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 150,000, au mwaka 1 gerezani, au yote mawili.

Chang'aa nayo haikuhalalishwa kiholela, kama wengi wanavyodai. Sheria ya 2010 iliruhusu ile inayotengenezwa kwa leseni na kufungwa kwenye chupa ya kioo. Ya mtungi nyuma ya nyumba ya matanga bado ni haramu, na ikiwa imechanganywa na methanoli huua au hupofusha. Aliyekunywa akianza kuona ukungu, hata kama ni siku ya pili, apelekwe hospitalini mara moja. Asilazwe ndani eti apumzike.

Nimalizie kwa matibabu, kwa sababu hapo familia hukosea kwa nia njema. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akifungiwa chumbani ili aache ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo kati ya siku ya pili na ya nne. Anaweza kufa. Kutetemeka, jasho jingi na moyo kwenda mbio baada ya kuacha ni mambo ya daktari, si ya maombi peke yake wala ya kamba. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na Hospitali ya Moi mjini Eldoret zina wahudumu wanaoijua kazi hii.

Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo. Wanaopokea ni washauri nasaha, si polisi, na kueleza kwamba unatumia bangi hakutakuletea gari la polisi mlangoni. Ukielekezwa kwenye kituo cha urekebishaji, omba uone cheti cha kuidhinishwa na NACADA, uliza kama kuna muuguzi usiku, na uliza kama kina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kabla ya kulipa senti. Mkikatazwa kuona cheti, au mkiambiwa mgonjwa hataruhusiwa kuzungumza na jamaa yeyote, ondokeni naye siku hiyo hiyo, kisha mpige 1192 mwelekezwe kwingine.